Tulimpeleka mama Japani kwenye maji moto, akagoma kuvua nguo mbele yetu

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimesoma nyuzi zenu kimyakimya kwa miaka, nikiwa break na sandwich mkononi. Leo zamu yangu. Haya ninayoyaandika yametokea kwetu na sijatia chumvi. Kama huna muda, pita kushoto, maana mimi nikianza siishii njiani.

Mimi ni mwanamke wa Kirundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa nipo Louisville, Marekani. Napiga kazi warehouse upande wa Okolona. Mdogo wangu wa kike, Spesi, yupo Columbus, kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani kwao: anawaogesha, anawavisha, anawalisha. Mama yetu yupo Buffalo, mtaa wa West Side, kwenye nyumba ya mbao ya zamani yenye bafu ghorofani.

Tumemwomba sana ahamie kwa mmoja wetu. Anajibu kwamba kanisa lake lipo Buffalo na yeye si begi la kusogezwa.

Mwaka jana magoti yakamgomea. Akateleza bafuni, akaanguka, akanyamaza kama hakuna kilichotokea. Tulijua kupitia jirani yake, Mama Furaha, Mkongo wa Kivu, ambaye hafichi kitu.

Daktari akasema goti la kulia libadilishwe, lakini kwa sharti. Nyumbani awepo mtu wa kumsaidia wiki za mwanzo, hasa kuoga. Bila mtu huyo, hakuna operation.

Mama akakubali kisu, akakataa kuogeshwa. Tukamwambia ataletewa mhudumu. Akasema hawezi kushikwa mwili na mtu asiyemjua hata jina la baba yake. Tukasema basi tutakuja sisi. Hapo ndipo tukaharibu kabisa.

Wale mliolelewa kama sisi mnaelewa. Mtoto haoni uchi wa mzazi wake. Ni mwiko, na ukiukiuka unajitafutia laana. Kambini tuliishi wote chumba kimoja, lakini sijawahi kumwona mama akibadilisha hata blauzi. Alikuwa anaamka kabla yetu, akaoga, akavaa, akafunga kitambaa, ndipo akatuamsha.

Kwa hiyo operation ikasimama. Kila nikimpigia simu namsikia anavyopanda ngazi, anapumzika katikati, anajifanya anaongea na mimi kumbe anatafuta nguvu.

Spesi ndiye aliyeumia zaidi. Anaogesha mama za watu kila siku ya Mungu, wa kwake hawezi. Niliogopa siku moja nitapigiwa simu kwamba ameanguka tena na safari hii hakuamka.

Sasa Japani iliingiaje?

Columbus wapo Wajapani wengi kidogo kwa sababu ya viwanda vya magari. Mmoja wa wazee anaowahudumia Spesi ni bibi wa Kijapani anayeishi na mwanawe. Huyo bibi kila siku hadithi yake ni moja: kwao kuna maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, mtu anakaa ndani mpaka shingoni, mifupa inalainika.

Spesi akamsimulia mama kwenye video call. Mama akakaa wima. Akasema anayajua maji hayo, alipokuwa mtoto mama yake alimpeleka kwenye maji moto kule Rumonge, kwetu Burundi. "Hayo nitaingia," akasema.

Tukamwambia basi twende Rumonge. Akakataa. "Kule waliokuwa wananipokea wote wamelala. Nitalia tu, na magoti nitarudi nayo yaleyale."

Wakuu, mimi nikishika jambo siachii. Nikasema huyu mama ataingia kwenye maji moto hata kama yapo mwezini. Nikapiga overtime, Spesi akapiga zake, tukakata tiketi. Nilijiambia akipata nafuu kidogo, akili itamtulia na suala la operation tutaliongea vizuri.

Mama Furaha alipokuja kuaga akacheka mpaka akakaa. "Bon, donc munapanda ndeke juu ya kuenda kuoga? Hapa Buffalo maji haiko?"

Tulipofika, mvua. Na haikuacha. Si mvua ya kutisha, ni ile ya kunyesha taratibu kama mtu mwenye mshahara wa mwezi.

Tulianzia Kanazawa. Kuna soko la chakula lenye paa, mama akaingia na fimbo yake, akasimama ghafla kwenye meza moja. Wamepanga visamaki vidogo vikavu. "Ndagala," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu. Ndiyo hizo mnazoita dagaa. Akanusa, akavunja kichwa kimoja, akatafuna mbele ya muuzaji. Nikaona aibu nikanunua mfuko mzima.

Kutoka hapo tukaenda Takayama, mji wa milimani wenye mitaa ya zamani. Nyumba zote za mbao nyeusi, maji ya mvua yanatiririka kwenye mifereji pembeni, miavuli imejaa njia. Mama akaziangalia zile nyumba akasema, "Hii ni West Side iliyotunzwa."

Chakula cha huko ni heshima tupu. Walituletea rojo la soya linalochomwa juu ya jani kavu la mti, hapohapo mezani, unakula na wali. Nyama ya ng'ombe laini kiasi kwamba mama aliuliza kama mpishi ameitafuna kwanza. Supu zao zina chumvi kweli. Mama alitoa pilipili yake kwenye pochi kila mlo, na mhudumu mmoja alipoionja tulimletea maji sisi.

Halafu tukashuka kwenye kimji cha maji moto katikati ya milima. Nyumba ya wageni ya zamani, unavua viatu mlangoni, unalala sakafuni kwenye godoro. Mama akafurahi. Akatoa kwenye begi gauni la kitenge alilolishona maalumu kwa ajili ya kuogea. Sisi tulikuwa na nguo za kuogelea.

Mnaona kosa letu?

Bibi wa Columbus hakuwahi kutaja habari za nguo. Kwake ilikuwa kama kumwambia mtu akila afungue mdomo. Na sisi hatukuuliza, tulidhani ni kama swimming pool.

Tukafungua mlango wa bafu la wanawake. Watu wako kama walivyozaliwa, wamekaa kwenye vigoda wanajisugua, wengine ndani ya maji na kitaulo kichwani. Mwenye nyumba akatufafanulia kwa simu yake inayotafsiri: hakuna nguo yoyote ndani ya maji, hata kitenge.

Mama akageuka. Na magoti yale, sijawahi kumwona akitembea haraka vile.

Tukaomba bafu la faragha, la familia. Lipo, lakini sheria ni ileile, na sakafu ya mawe imelowa, lazima mmoja wetu amshike. Spesi akasema tutafumba macho. Mama akamtazama.

"Umenileta mpaka huku nije kufanya nilichokataa Buffalo?"

Spesi akatoka nje kulia. Mimi sikulia, nilikasirika. Nilikasirikia mwiko, nilikasirikia mvua, nikamkasirikia hata yule bibi wa Columbus. Nikaona tumemzungusha mama dunia nzima ili ayaangalie maji kwa macho.

Kesho yake asubuhi mama akatuambia ataloweka miguu tu. Kando ya barabara kuna birika refu la maji moto lenye kibanda, mtu yeyote anakaa na nguo zake, anapandisha suruali, anaweka miguu. Tukamkalisha pale. Mvua inapiga bati, mama kafumba macho.

Akaja bibi mmoja wa Kijapani, wa rika la mama, amepinda mgongo, ameshikwa na binti yake mtu mzima kama mimi. Wakakaa. Yule bibi akaliona goti la mama lilivyovimba. Akapandisha suruali yake juu zaidi. Goti lake lilikuwa na kovu refu lililonyooka.

Akaligonga lile goti kwa kidole. Akasimama, akachuchumaa kidogo, akainuka tena bila kushikwa. Akaketi na kumtazama mama kama anayesema, umeona?

Mama akanyoosha mkono akaligusa lile kovu. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Yule bibi akaonyesha nyumba yetu ya wageni, kumbe nao walilala hapohapo, akaonyesha maji, akamshika mama mkono.

Mama akainuka. Tukainuka na sisi. Akasema, "Nyie kaeni hapa. Huyu ni mwenzangu."

Wakaingia watatu: mama, yule bibi na binti yake. Mimi na Spesi tukawafuata kwa mbali, tukakaa kwenye benchi la korido nje ya mlango wa bafu. Spesi alikuwa anakisia kila hatua kwa hofu ya mtu wa kazi hiyo: sasa anakanyaga jiwe, sasa anainama. Mimi nilikuwa naomba Mungu tu.

Halafu tukamsikia mama anaimba. Wimbo wa kwaya, ule anaouanzisha yeye Jumapili. Spesi akanifinya mkono mpaka ukauma.

Alitoka uso unang'aa, hana haraka na mtu. Akala samaki wake wote, akala na wa kwangu. Baada ya chai akasema, "Yule binti alimsugua mama yake mgongo. Alikaa nyuma yake, kwenye kigoda. Hakuona kitu zaidi ya mgongo."

Halafu akanigeukia mimi.

"Nimefikiri nikiwa majini. Mgongo wangu wewe unaujua. Tulipokimbia nilikubeba hapo mpaka tukafika Tanzania, ulilala, ukakojoa, ukaumwa homa hapohapo. Nikufiche nini?"

Wakuu, mimi ni mtu wa kubishana. Siku hiyo niliinama nikaanza kukusanya vikombe.

Jioni akaniita kwenye lile bafu la faragha, mimi peke yangu. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, amenipa mgongo, taulo amejifunika mbele. Bila kugeuka akasema, "Kaa nyuma. Nakuruhusu mimi mwenyewe, radhi yangu unayo. Zamu ya mdogo wako ni kesho."

Nikasugua. Polepole mno. Akaniambia nisimpapase, yeye si yai.

Spesi alipopata zamu yake alitoka akaniambia amefanya kazi hii miaka yote bila kujua mgongo wa mama una alama ya kamba ya mzigo begani.

Tumerudi. Goti limebadilishwa na lipo vizuri, namshukuru Mungu. Sasa hivi nipo Buffalo, nimechukua likizo kazini, Spesi atanipokea zamu. Tumenunua kigoda cha plastiki na beseni. Mama Furaha amekuja kuona, akasema donc tulienda Japon kutafuta kigoda.

Nilichojifunza: mzazi akikataa usimkimbilie kwa nguvu, na usikate tamaa pia. Mama hakuvunja mwiko wake. Alitafuta namna ya kukaa, akatupa mgongo, ili sisi tupite, na sisi kazi yetu ilikuwa kumfikisha kwenye maji.

Nyie mnaowaogesha wazazi wenu, mlianzaje? Na kama yupo anayeona tumekosea, aandike tu, sinuni.

Ila nitawajibu baadaye. Ananiita, anasema maji yanapoa na mgongo unamsubiri aliyebebwa.