Ziwa la Bluu ya Kufulia

Siku ile tulikuwa saba kwenye lile pazia la kupigia picha: bibi mzaa mama, shangazi aliyetoka Tabora, wadogo zangu watatu, mpiga picha, na mimi, dada mkubwa. Nimewahesabu tena mwezi uliopita, pale kitindamimba wetu, sasa mtu mzima mwenye ndevu, alipoitoa ile picha kwenye bahasha na kuiweka mezani kwangu. Kwenye picha tuko sita. Wa saba ndiye aliyebonyeza.

Ilikuwa Mpanda, miaka ya tisini. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami niliacha shule darasa la tano ili chungu kisikae bila kuinjikwa. Asubuhi nilichota maji na kuwafulia watu nguo. Mchana nilikaa na bibi nyuma ya nyumba, tukichambua maharage huku moshi wa kuni ukituzunguka. Kukiwa na harusi au kipaimara, majirani waliniita nipambe. Nilitundika khanga ukutani kwa mikunjo, nikachomeka maua mekundu ya uani, na chumba cha udongo kikawa mahali pa kupendeza kwa siku moja.

Kisha shangazi akaja kumchukua kitindamimba akamlee. Hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ilikuwa na mkate, yetu ilikuwa na watoto. Lakini mdogo wangu alikuwa na miaka minne, na niliogopa jambo moja tu: angetusahau. Hatukuwa na picha hata moja ya mama, na sura yake ilikuwa imeshaanza kunitoroka mimi niliyekuwa mkubwa.

Nikaenda kwa mpiga picha. Pazia lake lilikuwa na maghorofa na ndege, rangi zimepauka.

"Mpanda nzima imeshapanda ndege hii," aliniambia. "Wakulima wa tumbaku wa Katumba wameshapanda, na koti langu la kuazima wamelivaa wote. Nichoree jingine, fundi, nami nitawapiga bure."

"Nichore nini?"

"Maji. Watu wanapenda maji."

Sikuwa nimewahi kuliona ziwa. Bibi, aliyezaliwa Karema, ziwani kwenyewe, kabla ya kuolewa huku, ndiye aliyelijua, na alilisimulia mikono ikiwa ndani ya ungo. Maji mpaka macho yachoke. Dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa. Na mvua ikishapita, ng'ambo unaiona milima ya Kongo, kama moshi uliosimama.

Mpiga picha alinipa kitambaa cha marekani, pamba nyeupe tupu. Nikakipaka uji mwepesi wa muhogo kisinyonye rangi, nikakitandaza juani kati ya miti miwili mpaka kikakakamaa kama ngoma. Maji niliyatia kwa bluu ya kufulia, mawingu kwa chokaa, mchanga kwa udongo mwekundu, vivuli kwa masizi ya sufuria. Kwa siku nne vidole vyangu vilikuwa vya bluu, hata ugali niliosonga ulikuwa na alama. Lakini ilipofika zamu ya ng'ambo, mkono ulichora kile macho yalichokijua: lambo la wafugaji wa Kisukuma nilikokuwa nafulia. Nikaweka ukingo wa karibu wenye majani, na ng'ombe watatu wakinywa maji.

Siku ya picha bibi alijifunga khanga mpya, akasimama, akaangalia.

"Hili ndilo ziwa langu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hawa?"

"Ng'ombe."

"Karema tunavua samaki, mjukuu wangu. Wewe umetuvulia ng'ombe!"

Mpiga picha alicheka mpaka akashikilia kamera isianguke. Hata shangazi alicheka. Kitindamimba akataka kuingia majini. "Tulia, mume wangu," bibi akamvuta, "utaoga tukishapigwa." Halafu akanigeukia mimi. "Nitasimama hapa hapa na ng'ombe wako. Ila una deni langu. Utanichorea ziwa lenyewe, na milima yake."

Niliahidi. Picha zilitoka mbili. Moja ikaingia mkobani mwa shangazi, ikapanda garimoshi pamoja na mdogo wangu. Ya kwetu ililiwa na mchwa. Mimi nilikimbizana na chungu miaka hiyo yote, na bibi alizikwa kabla sijapaka tena kitambaa uji wa muhogo.

"Dada," kitindamimba aliniuliza mwezi uliopita, "yale maji yako wapi? Nimewaambia wanangu kwamba kwetu kuna maji na ng'ombe watatu, na bibi anacheka."

Nikampeleka lamboni. Limekauka, watu wanafyatua matofali. Akanyoosha kidole. "Ng'ombe walikuwa pale." Hakuwahi kufika hapo utotoni. Sikumsahihisha. Hakutusahau, na hilo ndilo nililokuwa nimelichorea.

Chumba cha mpiga picha sasa kinauza makava ya simu. Kumbi zinapambwa kwa maua ya plastiki na taa zinazokonyeza, na hakuna anayenuka muhogo. Mimi nimenunua kitambaa cha marekani, kimekunjwa juu ya kabati, na bluu ya kufulia ipo. Mvua zikishapita, nimemwambia mdogo wangu, twende wote Karema. Milima ya Kongo bado sijaiona, na bibi bado ananidai.