Visigino vya Mama wa Bibi Harusi

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, wadogo zangu watatu, baba mdogo aliyekuja kwa baiskeli kutoka Mwadui, mama jirani, binti yake aliyekuwa anaolewa, na kundi la wanawake wa upande wa bwana harusi walioingia Samuye wakiimba tangu njiani. Wengi wao wametangulia. Juzi nimemwona bibi harusi, na tangu hapo sijalala vizuri.

Alinikuta dukani kwa mjukuu wangu, hapa Geita. Mjukuu anauza vipodozi. Rafu zimejaa makopo na chupa, na wanawake huingia wakiulizia cha kung'arisha, cha kulainisha, cha kuondoa madoa. Mimi hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikipunga nzi na kusikiliza. Wanayoyataka kwenye makopo yale si mageni kwangu. Sisi tulijua uzito wa ngozi inayong'aa kabla ya kujua kopo.

Kwetu, rafiki yangu, kung'aa hakukuwa kuwa mweupe. Tulikuwa weusi na tulitaka weusi wetu uwake kama mtungi uliotoka kuoshwa. Mafuta yalitoka kwa ng'ombe. Mama alikaa mlangoni alfajiri, kibuyu cha maziwa mapajani, akikitikisa mbele na nyuma, na mlio ule wa maziwa ndio uliotuamsha. Siagi ikishajitenga, nyingine ilikwenda kwenye mlenda, nyingine kwenye kibuyu kidogo cha kujipaka. Ilinuka moshi na maziwa yaliyolala. Nzi waliipenda, na sisi tuliipenda zaidi yao. Mtoto aliyepakwa akipita, watu walisema, "Huyu ana mwenyewe." Aliyepauka hakuulizwa jina lake. Aliulizwa mama yake yuko wapi.

Na watu wazima hawakutazama uso. "Uso huficha, kisigino husema," ndivyo alivyozoea kutuambia mama jirani.

Baba alitutoka kwanza. Mama alimfuata baada ya mavuno, nikiwa darasa la tatu. Sikurudi tena shuleni. Nilishika jembe na mchi, nikasonga ugali wa mtama, nikaanika michembe ya viazi juu ya jabali, nikamkimbiza kitinda mimba wetu asiingie motoni. Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi mgodini, alituma neno kwamba atakuja kwenye harusi ya jirani na atatutazama. Akituona tumepauka, atatugawa: wavulana wawili wataenda kwake, kitinda mimba ataenda kwa shangazi upande wa Geita, na mimi nitatafutiwa mume. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hivyo kwa huruma. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi mama kwamba tutakula chungu kimoja.

Mwaka ule mvua zilikataa. Ng'ombe wetu wa pekee alikauka maziwa, na kibuyu chetu kikakauka naye. Niliwasugua wadogo zangu kwa jiwe na maji. Waling'aa kwa kitambo kidogo, kisha jua likawakausha wakawa na michirizi kama mijusi. Nikawasugua tena. Mdogo wangu wa kwanza akasema, "Dada, utatumaliza kabla baba mdogo hajafika."

Asubuhi ya harusi, mama jirani alisimama mlangoni.

"Mwangaluka, ng'wanone."

"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia salamu ya asubuhi.

Alitoa kibuyu kidogo ndani ya kanga. "Wapake hawa."

Nilikijua kibuyu kile. Alikuwa ameweka akiba ya siagi humo kidogo kidogo kiangazi chote, kutoka kwa ng'ombe wasiotoa kitu, ili siku ya binti yake asimame mbele ya wakwe aking'aa. "Mama, haya si ya kwako ya leo?"

"Ni ya kwangu, ndiyo maana nampa nimtakaye. Leo nani atanitazama mimi? Macho yote yako kwa bibi harusi. Anza na visigino. Baba yenu mdogo ni mtu wa ng'ombe, hukagua kuanzia kwato."

Akaenda kupika. Mimi nikawapaka. Wavulana walikimbizana uani wakidai wanateleza kama kambare, na kitinda mimba alikaa akilamba kiwiko chake. Nilipaka nyuma ya masikio, magotini, katikati ya vidole. Kibuyu kilipofika mwisho, yalibaki mafuta ya kidole kimoja. Niliyatazama. Yalitosha visigino viwili vya mtu mzima. Nyumba ya mama jirani ilikuwa ng'ambo ya uzio wa minyaa, ningefika nikiwa bado nimeshika pumzi. Nikajipaka mwenyewe.

Wakwe waliingia jua likiwa kali. Mama jirani alitoka kuwapokea akiwa na kanga safi na shanga zake zote, na miguu myeupe kwa ukavu, visigino vimepasuka kama tope la lambo lililokauka. Wanawake wale hawakumpa nafasi. Mmoja aliimba, wengine wakamwitikia:

"Tumekuja kuchota maziwa!"

"Mbona mtungi umekauka?"

"Jamani, ng'ombe wetu wa mahari mmewala wote? Hata siagi hakuna?" mwingine alipaza sauti. "Mama mkwe huyu ametembea kutoka Tabora!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Nilipiga hatua mbele, mdomo wazi. Pembeni yangu baba mdogo alikuwa ameshika mkono wa kitinda mimba, akiusugua kwa dole gumba, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika. "Hawa wana mwenyewe," alikuwa akisema. Nikamtazama mama jirani. Alinitazama na yeye, akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Kisha akapiga mguu chini mpaka vumbi likapanda.

"Vumbi hili ni la shamba lililomlea mnayemchukua! Mmekuja kuoa binti au kuoa visigino vyangu?"

Walicheka tena, safari hii pamoja naye, na ngoma ikaanza. Chini ya kanga mabega ya bibi harusi yalitetemeka. Nilidhani analia kama walivyolia mabibi harusi wote.

Baba mdogo alirudi Mwadui peke yake. Tukabaki wanne, chungu kimoja. Miaka ilipita nikapata ng'ombe wa maziwa, na siagi ya kwanza nilimpelekea mama jirani. Alichovya kidole, akampaka kitinda mimba puani, akanirudishia kibuyu. Baada ya muda naye akatutoka.

Juzi, basi, aliingia ajuza mwenye fimbo. Nilimtambua kwa paji la uso, la mama yake kabisa.

"Shikamoo, dada," nikamwamkia.

"Marahaba. Ala! Ni wewe wa Samuye? Nitafutieni mafuta mazito, ya visigino."

Alikaa kwenye kigoda changu akamweleza mjukuu wangu kana kwamba ni jambo la jana. "Mimi sitoki bila mafuta, mwanangu. Mama yangu alikuja harusini kwangu kama mtu aliyetoka kuchimba kaburi. Ukweni niliitwa binti wa mkavu mpaka nilipozaa wa tatu. Siku moja tu, alishindwa kujipaka kwa ajili yangu? Nilimzika nikiwa na hilo moyoni."

Nilipiga magoti nikafungua kopo. Nikauchukua mguu wake, nikaanza na kisigino, kisha katikati ya vidole, taratibu. Mara tatu nilivuta pumzi niseme. Mara tatu nilimwona mama yake uwanjani akitikisa kichwa. Na sitakudanganya kwamba ni hilo tu lililonifunga. Niliogopa namna atakavyouondoa mguu wake mikononi mwangu.

"Una mkono mzuri," aliniambia. "Nani alikufundisha?"

"Jirani yetu mmoja," nikasema.

Siku hizi hakuna anayetikisa kibuyu alfajiri, na kile kidogo alichonirudishia mama jirani ninacho chini ya kitanda, kimekauka, lakini ukikifungua bado kinanuka moshi. Ajuza aliaga. Visigino vyake viling'aa hadi kizingitini, kisha vumbi la barabara likavipokea. Nilibaki nimepiga magoti, mafuta mkononi, na lile neno nikiwa nalo bado.