Chumba Kilichojengwa Ziwani

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu, na kwa tahajia pia. Nimesoma msingi tu, na naandika polepole. Kusema mbele za watu siwezi kabisa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwetu ni mtaa wa Mpendae. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na ziwa. Mgeni angeliita dimbwi, lakini sisi tuliliita ziwa. Masika, maji ya mitaa ya juu yote yalishukia pale, yakatulia, yakanywewa na ardhi taratibu. Kiangazi lilibaki tope na matete katikati, na yangeyange wakitafuta vyura. Kisima chetu kilikuwa karibu nalo na hakikukauka hata mwaka mmoja. Hatukufikiri kwamba ni ziwa lililokuwa likikinywesha.

Bibi, mama yake Baba, alikaa na ziwa lile kama jirani. Mvua kubwa zikikaribia alitia makaa kwenye chetezo, akaweka ubani, akakipeleka ukingoni.

"Wenyewe wanarudi," alisema.

Hakutuambia kama wenyewe ni vyura, au maji, au nani.

Kisha yakaja malori ya kifusi. Viwanja vya mle ziwani viliuzwa wakati wa jua, udongo umepasuka, na kila mnunuzi alipiga mguu chini akasema hapa pagumu. Baba naye alisogeza ukuta wetu, akafukia kipande, akajenga chumba kikubwa chenye madirisha mawili, akampa Bibi. Bibi alishukuru, lakini kona moja hakuigusa. Hakuweka kitanda pale wala hakutandika mswala.

"Mama, mbona kona ile umeiacha?" Baba alimwuliza.

"Nimewapisha."

"Umempisha nani?"

"Wewe ulipojenga, ulibisha hodi kwa nani?"

Baba alicheka akatoka. Mimi nilibaki mlangoni. Nilisikia kitu kikisogea chini ya saruji, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Bibi alifariki kwa homa kiangazi kile kile, na chumba kikafungwa. Jioni nikipita na ndoo nilisikia vyura mle ndani. Nilifungua mlango, nikakuta pakavu, hakuna kitu. Nilipofunga, waliendelea.

Miezi michache baadaye dada yangu alirudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi ya mtoto wa kwanza, akae na Mama mpaka arobaini. Baba alisema apewe chumba cha Bibi, ndicho chenye hewa. Mama alikataa.

"Mzazi na kichanga, mle? Sakafu inatoka jasho, huoni?"

"Jasho tu hilo, mke wangu. Hata mimi natoka jasho."

"Wewe nshakuzoea. Mjukuu wangu hajazoea."

Lakini Baba alishikilia lake, na mtoto alipozaliwa akalazwa mle na mama yake.

Mvua ilipokuja, Baba aliziba mlango wa uani kwa mifuko ya mchanga, na sote tukakaa tukiutazama mlango. Maji hayakupita mlangoni. Yalipanda kutoka chini, kwenye kona ya Bibi. Saruji ilifanya ufa, ukatoa povu, kisha maji meusi, na kambare mdogo akajipinda sakafuni mbele ya kitanda, mzima. Dada alipiga ukelele. Mama alimnyakua mtoto. Chumba kilinuka karo la choo na tope la zamani, na kwa mbali nilisikia harufu ya ubani. Hilo sijamwambia mtu.

Kisima nacho kikaanza kunuka. Mtoto akapata kikohozi. Alilazwa hospitali, na nilipopewa nimpakate nilisikia kifua chake kikilia kama vyura wakiwa mbali. Baba alisikia pia. Alitoka nje akasimama na viatu mkononi.

Mtoto alipopata nafuu, jirani yetu alikuja. Nyuma ya kuta zetu kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha ziwa, nusu chetu, nusu chake.

"Shekhe, tushirikiane tukifukie chote. Maji yatahama."

"Yahamie wapi?"

Jirani alionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara.

"Kule nako kuna watoto," Baba alisema.

Siku ya pili yake alipanda juu akaanza kung'oa mabati ya chumba cha Bibi. Alivunja kuta, akavunja sakafu, akachimba kifusi chake mwenyewe mpaka akafika kwenye udongo mweusi wenye mizizi ya matete.

"Unawajengea vyura hoteli?" jirani aliuliza kutoka ukutani.

"Hoteli walikuwa nayo. Mgeni asiyebisha hodi nilikuwa mimi."

Mvua zilizofuata, maji yalikaa mle shimoni, na ndani kwetu hayakuingia. Kwa jirani yaliingia. Nusu yake ya ziwa bado hajaifukia, lakini kila lori likipita Mama hutoka kutazama linakwenda wapi.

Mtoto sasa anatambaa, kifua chake hakilii. Ila akiletwa kwetu, vyura wakianza, huacha kila anachochezea akageuza uso upande ule, akanyamaza, vile vile alivyokuwa akinyamaza Bibi. Mimi ndiye ninayepeleka chetezo siku hizi.

Kama kwenu palikuwa na ziwa likafukiwa, nakuombeni mniandikie. Niambieni juu yake sasa inalala nyumba ya nani, na kama na nyinyi mnawasikia.