Hakuambiwa Kuhusu Makovu ya Ndani

Kwenye kiwanda cha mikate wanamwita Shoti, maana ukimgusa pabaya anakurusha kama umeme. Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa mcheshi mwenye mikono ya chuma, akipandisha trei za mikate hadi rafu ya juu huku akiwatania wenzake.

Kisha akapasuliwa, akatolewa uvimbe kwenye kizazi. Kidonda cha nje kilipona vizuri. Shida ikawa ndani. Kila akinyanyua trei, kitu kilimvuta chini ya kitovu mpaka anakunja uso. Kulala na mumewe kukawa adhabu. Hospitali walimpa dawa za gesi, kisha za vidonda vya tumbo, mwishowe wakamwambia apunguze mawazo.

Wifi yake, waliyekuwa wakiishi naye, akapata la kusema. "Hilo tumbo huwa linauma vyombo vikiwa vichafu tu!"

Mumewe akacheka. Kicheko kile kilimchoma. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, akaviosha vyombo.

Ilipita miaka mitatu ndipo akapata daktari mwingine, mwanamke, aliyemsikiliza bila kumkatiza.

"Nahisi ni makovu ya ndani, mama. Baada ya upasuaji, utumbo unaweza kunata kwenye kizazi. Ukivutika, unaumia. Tutaingiza kamera tuone, na tukiyakuta tutayaachanisha."

"Si mtakata tena, na yatanata tena?"

"Yanaweza, sikudanganyi. Ila tunapunguza hatari. Tunatoboa matundu madogo badala ya kufungua tumbo zima. Nyama za ndani tunazishika taratibu, haziachwi zikauke, na damu tunaizuia vizuri. Panapofaa tunaweka utando mwembamba wa kutenganisha, unayeyuka wenyewe."

"Na yule wa kwanza alikuwa anayajua haya?"

Daktari akashusha macho. "Kwamba makovu hutokea, kila mpasuaji anajua."

Damu ikamchemka. Hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa yule aliyempasua, akasubiri zamu yake, akaingia. Daktari alimkumbuka kwa taabu. Akamwambia makovu si kosa la mtu, mwili ndivyo ulivyo.

"Sijasema kosa! Nauliza mbona hukuniambia. Nimeitwa mvivu nyumbani kwangu, na wewe ulikuwa na neno moja tu la kunieleza!"

"Ningekwambia yote, ungeuogopa upasuaji."

"Woga ni wangu! Nani alikutuma unitunzie?"

Sauti ilifika hadi kwenye foleni. Alipotoka, mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri kupangiwa siku ya kupasuliwa alimshika mkono.

"Dada, hayo ya makovu ni yapi? Nielekeze nikaulize na mimi."

Akakaa naye kwenye benchi, akamweleza yote.

Upasuaji wa pili ulifanyika. Utumbo ulikutwa umenata kweli. Kesho yake alikuwa tayari anatembea wodini, ameshika ukuta, ameuma meno. Maumivu yamepungua sana, ingawa hayajaisha. Rafu za juu sasa anamwachia mwenzake.

Wifi alikuja kuomba radhi. "Tulidhani unajidekeza, wifi yangu."

"Nimesikia," akajibu, akaendelea kukunja nguo.

Mumewe akamuuliza kwa upole hasira zake zitapoa lini.

"Usiniharakishe," akasema. "Wewe ndiye uliyecheka."