Nilikwenda Norway kupiga picha taa za kaskazini, Mzee wa Ukonga alikuwa na swali moja tu

Wakuu, heshima kwenu wote, mliolala na mnaokesha humu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi na mwandishi wa mara chache. Leo naandika kwa sababu nimetumwa, na aliyenituma mtamjua huko mbele. Yote yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi. Pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Kwanza mnijue kidogo. Ni mpiga picha wa harusi, nina kiofisi changu Boko, barabara ya Bagamoyo. Send-off, kitchen party, ubarikio, ukiniita nakuja. Nina miaka kumi na kitu nyuma ya kamera, kwa hiyo kwenye mambo ya picha najionaga mtu mzima.

Dada yangu Neema ni nesi, anafanya kazi mji mmoja kaskazini kabisa mwa Norway. Akapata mchumba huko, wakapanga kufunga ndoa wakati wa baridi, na akasema hataki mpiga picha mwingine zaidi yangu. Harusi Jumamosi, mimi nafika Jumatano. Kama zawadi akanikatia nafasi ya Alhamisi usiku kwenye msafara wa watalii, wale wanaopelekwa na guide kwenda kuzitafuta taa za kaskazini. Aurora. Zile za kijani zinazowaka angani.

Sasa hapa lazima niwaambie habari za Mzee wangu, bila yeye uzi huu hauna kazi.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, sekondari moja kule Ukonga, mpaka akastaafu. Kwao ni Songea lakini Ukonga ndiko alikozeekea. Kila mwaka akifika kwenye mada ya jua na sayari, alikuwa anafundisha na hizo taa. Alinunua chaki za rangi kwa ajili ya kipindi hicho tu. Anachora pazia la kijani ubao mzima, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

Nilipokwenda kumuaga nikamwambia, Baba, nitakuletea picha kubwa uitundike sebuleni.

Akasema, "Picha sawa. Lakini mie nataka uniangalizie kitu kimoja. Zinatembea au zimesimama?"

Nikacheka. Nikamwambia video zimejaa mtandaoni, nikuoneshe sasa hivi. Akasema ameshaoneshwa na wajukuu, na wajukuu hao hao wakamwambia nyingi zimeharakishwa.

"Tena nyie watu wa harusi ndio mnaongoza kwa kuharakisha vitu," akasema. "Nataka macho yako, sio kamera yako."

Ndipo akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani.

Mwaka mmoja, mimi bado mdogo, alikuwa anachora pazia lake ubaoni kama kawaida. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Anaitwa Shabani, kijana wa Temeke aliyekuwa anaishi kwa shangazi yake Ukonga. Akasema, mwalimu, hizo taa hazisimami hivyo, zinacheza. Baba akamuuliza, umejuaje? Akajibu, mjomba wangu baharia, ameziona, amesema zinacheza kama khanga kwenye kamba.

Darasa likaangua kicheko. Mnajua wenyewe stori za baharia zinavyochukuliwa mjini hapa. Baba akadhani anafanyiwa mzaha. Kitabu chake kilikuwa na picha ya hizo taa, na kwenye picha zimesimama. Akamchapa yule kijana viboko viwili mbele ya wenzake, akaendelea na somo.

"Hakunyoosha mkono tena mpaka anamaliza," Baba akaniambia. "Na alikuwa anajua majibu. Nilikuwa naona kwenye madaftari yake."

Mzee magoti yameshachoka, safari yake ndefu siku hizi ni kliniki. Nikaona hili jambo limemkaa moyoni. Nikamwahidi nitaangalia.

Lakini wakuu, niwe mkweli. Moyoni mwangu nilikuwa nawaza picha. Nilishaiona tayari imetundikwa ofisini Boko, wateja wanauliza hii umepiga wapi, nami nawajibu taratibu bila haraka.

Alhamisi ikafika. Huko msimu huo jua halichomozi kabisa, saa nane mchana ni giza. Jioni tukakusanyika watu wanane na minibasi. Guide wetu ni mama mmoja wa makamo, anaitwa Ingrid, maneno yake machache. Akatugawia maovaroli mazito kama magodoro na mabuti ya kufika magotini. Na mimi ndani nilishavaa kila kitu ambacho shemeji alikuwa nacho kabatini. Kuinama kufunga kamba za buti ilikuwa kazi ya watu wawili.

Mjini kulikuwa na mawingu. Ingrid akaendesha zaidi ya saa mbili kulikimbia wingu, akisimama kila baada ya muda, anashuka, anatazama juu, anarudi, anaondoa gari. Tukafika pembeni ya ziwa lililoganda. Tukashuka.

Nyota za kule sina namna ya kuzieleza. Na kimya. Mimi ni mtu wa Boko, nimezoea malori na spika za baa. Pale nilisikia pumzi yangu mwenyewe.

Ingrid akatufundisha. Tripod ikae imara kwenye theluji. Fokasi ya mkono, uilenge kwenye nyota. Lenzi iache wazi sekunde kama kumi. Kamera ibaki nje muda wote, msiiingize kwenye joto. Betri za akiba ndiyo muweke mfuko wa ndani, baridi inazimaliza.

Nilisikiliza nusu. Nani wa kunifundisha kamera?

Baada ya dakika ishirini akanyoosha kidole. Nikaangalia, nikaona kitu cheupe cheupe, hafifu, kama moshi wa jiko la mkaa la jirani. Nikamuuliza, ndiyo hiyo? Akasema ndiyo hiyo. Nikajisikia nimepigwa, nawaambia ukweli. Nikapiga fremu tatu. Kwenye kioo cha kamera kijani ikatokea, kumbe lenzi ikiachwa wazi inaona kuliko jicho. Lakini ilikuwa kijani ya unyonge.

Na ilikuwa imesimama. Nikawaza, basi Mzee alikuwa sahihi.

Kisha ikapotea. Tukakaa tunasubiri.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nikaangalia betri, ilikuwa imeshuka karibu nusu kwa picha tatu. Nikakumbuka Ingrid amesema betri zikae na joto. Nikajiambia, kama betri inataka joto, kamera nzima si itafurahi zaidi? Nikaitoa kwenye tripod, nikafungua zipu, nikaitumbukiza ndani ya ovaroli, juu ya sweta la shemeji. Nikafunga zipu mpaka kidevuni. Nikaanza kurukaruka nisigande, nikanywa na supu ya moto kikombe kizima. Jasho likanitoka. Kwenye barafu, jasho!

Mpiga picha yeyote wa Dar anajua hili. Ukumbi una AC kali, pale Kawe kwa mfano. Umekaa ndani saa tatu nzima na kamera. Maharusi wakitoka nje kwenda kwenye gari, ukitoka nao tu, lenzi inaingia ukungu. Kitu cha baridi kimekutana na hewa ya joto yenye unyevu. Huwa tunawaambia maharusi subirini kidogo, tunaifuta futa. Hiyo nimeifundisha hata vijana wangu wa ofisini.

Kamera yangu ilikuwa ya baridi. Na ile hewa ya Dar, ya joto na jasho, safari hii nilikuwa nimeifungia kwa zipu kifuani mwangu. Hilo halikunijia kichwani kabisa.

Ilikuwa kama saa tano na nusu usiku Ingrid aliposema neno moja kwa lugha yake, kwa sauti ya chini. Wote tukageuka.

Wakuu, sijui nianzie wapi.

Ilianzia nyuma ya mlima, mstari mmoja wa kijani, safari hii kijani hasa, kijani ya macho matupu. Ukapanda ukapita juu ya vichwa vyetu mpaka upande wa pili. Theluji yote ikageuka rangi. Mikono yangu ikawa ya kijani, uso wa Ingrid wa kijani.

Nikachomoa kamera. Nikaiweka kwenye tripod. Nikachungulia. Weupe mtupu.

Lenzi ilikuwa imejaa ukungu. Nikaifuta kwa kitambaa, na kwa ile baridi ukungu ukaganda hapo hapo, ikawa barafu. Nikafuta tena, ikawa mbaya zaidi. Nikaipulizia pumzi, jamani, nikaipulizia pumzi! Wenzangu wote wanapiga, tk, tk, tk, wanapiga kelele za furaha, na mimi mtu wa kazi nimeinama nasugua kioo kama konda aliyeangusha simu kwenye tope. Machozi yalinilenga, siwafichi.

Ingrid akaja akaangalia kamera, akaniwekea mkono begani.

"Iache," akaniambia kwa Kiingereza. "Angalia juu."

Nikakumbuka Mzee. Nataka macho yako, sio kamera yako.

Nikainua uso.

Zinatembea. Ule mstari ulikuwa umefunguka ukawa kitambaa kipana, na pindo la chini lilikuwa na rangi ya waridi, na kitambaa chote kilikuwa kinapepea. Kinakunjuka upande huu, kinajikunja upande ule, kinashuka kama kinakuja kutufunika halafu kinavutwa juu. Bila sauti yoyote. Ukubwa wote ule na hakuna hata mlio. Khanga kwenye kamba, siku ya upepo. Yule mjomba baharia hakukosea hata neno moja.

Nikakaa kwenye theluji. Nikasema Mungu wangu, Mungu wangu. Nilikuwa na furaha na hofu pamoja. Nilijiona mdogo sana, na sikuona vibaya kuwa mdogo.

Nikatoa simu. Betri asilimia tisa.

Najua mtauliza, si ungepiga picha kwa simu? Wenzangu wawili walipiga kwa simu na zikatoka. Nililiwaza hilo kabisa. Kidole kilikuwa tayari juu ya alama ya kamera. Kwa ile baridi nilijua simu itanipa kitu kimoja tu kabla ya kuzima.

Nikampigia Baba. Ukonga ilikuwa saa saba na nusu usiku. Simu haikuita hata mara mbili.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Zinatembea?"

Hajaniuliza nimefika, hajaniuliza baridi. Nikamwambia, "Zinatembea Baba. Zinacheza kabisa, hapa juu yangu, sasa hivi. Kama khanga kwenye kamba."

Nikaendelea kumweleza, sasa pazia limekwenda kushoto, sasa linajikunja, sasa limeingia rangi ya waridi chini. Nilikuwa naropoka kama mtangazaji wa mpira. Yeye kila mara anasema "ehe". Kwenye ehe ya tatu au ya nne, zile asilimia tisa zikaisha. Simu ikazima.

Nilibaki pale nimekaa mpaka zilipofifia. Sijapiga picha hata moja ya zile kubwa. Harusi ya Neema niliipiga vizuri, kamera ilikauka yenyewe kesho yake, mkiuliza.

Niliporudi nikaenda Ukonga na zile picha tatu za unyonge, nimezisafisha na kuzitia fremu. Baba akaziangalia kwa heshima, akaziweka mezani. Akaniambia, "Simama, nioneshe kwa mkono zilivyokuwa zinakwenda."

Mtu mzima nikasimama katikati ya sebule napepesha mikono. Mama akatoka jikoni na mwiko, akanitazama, akarudi jikoni bila kuuliza. Baba hakucheka. Alifuata mikono yangu kwa macho, kushoto, kulia, mpaka nikachoka.

Akasema, "Kwa hiyo yule mtoto nilimchapa kwa kusema kweli."

Nikashusha mikono, nikakaa.

Akaniuliza, wewe si uko kwenye hiyo mitandao yenu yenye watu wengi? Nikasema niko. Akasema, niandikie. Akakaa pembeni yangu, na mpaka naandika hapa amevaa miwani anasoma kila mstari. Pale kwenye viboko nilitaka kupalainisha, amekataa.

Nilichojifunza ni kidogo. Kamera usiiweke kwenye joto halafu uitoe kwenye baridi, hilo nililijua nikalisahau kwa kujiona. Na ukienda kuona kitu kikubwa, kione kwanza. Wenye uzoefu na picha za baridi, au mliowahi kuziona hizo taa, tiririkeni hapa chini, nitajibu wote.

Lakini kazi iliyonileta ni hii. Shabani wa Temeke, uliyesoma Ukonga, uliyekuwa unakaa dawati la tatu upande wa dirishani na mjomba wako alikuwa baharia. Mwalimu anasema zinatembea. Anasema ulikuwa sahihi, mjomba wako alikuwa sahihi, na yeye ndiye aliyekosa. Anakuomba radhi kwa vile viboko viwili, na kwa kicheko cha darasa ambacho hakukizuia.

Kama upo humu, au yupo anayekufahamu, Mwalimu anaomba unyooshe mkono.