Fundi Aliyetuchagulia ya Bure

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mimi na mama watoto tulikwenda kwa fundi wa simu. Simu ya mke wangu ilikuwa imejaa sauti alizojirekodi akiwaimbia wajukuu. Akauliza: hifadhi ya mtandaoni ya biashara na ile ya bure, ipi haipotezi? Fundi yule hamtazami mtu. Husugua kioo kwa pindo la shati na kuchekea puani. "Bibi, una kampuni wewe? Ya bure inawatosha." Akazihamishia huko, simuni akazifuta. Wiki ileile nilimzika mke wangu. Zaidi ya miaka miwili sikuweza kuigusa simu ile. Nilipoirudisha kwa fundi yule, hakukuwa na sauti hata moja. Fundi akasugua kioo, nami natamani kumzaba kofi. "Mzee, ya bure usipoifungua miaka miwili, wenye mtandao wanafuta. Kwani ulikuwa wapi?"