Mtani Aliyefungiwa Nje ya Msiba

Ukimuuliza mtu yeyote wa Sindeni ni nani hajawahi kumtukana mwenzake, atakuelekeza kwa Bi Hajira Mdoe, msukaji mikeka. Hata kuku akimwingilia jikoni na kumwaga unga, humwambia tu, "Nenda zako, mwanangu, Mungu akuongoze." Basi ni Bi Hajira huyohuyo aliyepata barua kwenye simu yake, Jumatano baada ya alasiri, kwamba amefungiwa siku tisini kwa sababu ya matusi.

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaisoma tena.

"Mwalimu," aliita, "hebu njoo. Hapa pana mtu kakosea mlango."

Mwalimu Loveness ni binti wa Kisambaa kutoka Bumbuli, anafundisha shule ya msingi na amepanga chumba cha uani kwa Bi Hajira. Ndiye aliyemwingiza katika mambo haya. Mwaka juzi Bi Hajira alianguka na pikipiki njia ya Mazingara akavunjika mguu, akalazwa Korogwe, na aliporudi alikaa kitandani miezi minne. Mwanamke aliyezoea kutoka alfajiri na jembe, leo anahesabu mabati! Loveness akamwonea huruma, akamwekea kwenye simu mchezo uitwao Nchi Mpya. Si mchezo wa kushindana. Ni nchi iliyomo ndani ya simu: unapewa kijitu chako, unakitembeza, unajenga nyumba, unalima, unakaa barazani na majirani kutoka kila pembe ya dunia na kuzungumza nao kwa sauti au kwa maandishi.

Lakini kabla ya kukubali, Bi Hajira alitaka asomewe kanuni zote.

"Mama, hakuna anayezisoma hizo," alisema Loveness. "Unabonyeza 'nakubali', unaingia."

"Nitakubali vipi neno nisilolijua? Soma."

Zilikuwa kanuni arobaini na moja. Zikasomwa kwa siku mbili, na kila moja Bi Hajira aliitikia, "Hiyo ni haki kabisa," kama mtu anayesikiliza mawaidha. Usiibe. Usitukane. Usitoe namba yako ya simu wala usiombe ya mwenzako. Usitumie jina la mtu mwingine. Akazishika zote, na kwa miaka miwili hakuna aliyemnyooshea kidole.

Jirani yake huko alikuwa Fausta, Mnyamwezi wa Sikonge, mama wa makamo anayefuga nyuki. Siku ya kwanza walipokutana kwenye ua wa mihogo, Fausta alimuuliza kabila lake. Aliposikia Mzigua, alipiga kelele za furaha.

"Kumbe mtumwa wangu! Nimekutafuta miaka yote, ulikimbilia wapi?"

"Mtumwa nani, wewe mbeba mizigo?" Bi Hajira alijibu, na kinywa chake kilichozoea dua na salamu kilifunguka chenyewe. "Tua huo mzigo tuonane uso kwa uso, mla michembe ya viazi!"

Maana hivyo ndivyo ilivyo. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hatukani, mtani anatania. Unaweza kumwita mtani wako mchawi mbele ya mumewe, naye mumewe akakuletea kiti. Na msibani ndiko kazi ya mtani iliko hasa. Watu wote wakiwa wamejikunyata na machozi, yeye huingia akipiga kelele, akamcheka marehemu, akalala mlangoni na kuzuia njia, mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Halafu siku ya arobaini mtani huyohuyo hukombolewa kwa kitu atakachodai. Hapo husema maneno mema juu ya marehemu, akaamuru uwanja ufagiliwe na matanga yaondoke. Asipomaliza, yale aliyoyasema hayawi utani tena. Yanabaki matusi, nayo yanamlalia maiti kaburini.

Mwezi ule mama yake Fausta, Bi Josefina, alifariki. Fausta akazika Sikonge, kisha akaweka na tanga la pili nyumbani kwake ndani ya Nchi Mpya kwa ajili ya majirani wa huko wasioweza kusafiri. Siku ya tatu vijitu vilikuwa vimekaa kimya vyote. Bi Hajira akaingia, akakilaza kijitu chake mlangoni.

"Josefina!" alisema kwa sauti ambayo Loveness aliisikia mpaka uani. "Umetoroka, mtumwa wewe! Mizigo yangu atabeba nani sasa? Mchoyo mkubwa, umeondoka hata michembe hujaniachia! Hapa hapiti mtu!"

Ndipo Fausta akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajala siku tatu, akasema, "Asante, mchawi wangu. Asante kwa kuja." Wakaachana hapo.

Kesho yake ndiyo ikaja ile barua.

Loveness aliisoma kwa sauti. "'Umekiuka kanuni. Moja, kumdhalilisha mfiwa. Mbili, maneno ya kibaguzi dhidi ya kabila. Tatu, kuzuia mlango wa mwenzako.'" Akajitahidi kutocheka. "Kuna mpita njia kakushtaki, mama. Au ni mashine tu imesikia 'mtumwa'."

"Basi waambie ni utani. Waambie yaishe."

"Kuna fomu ya rufaa. Unachagua sababu moja kati ya tatu. Ya kwanza: 'Akaunti yangu ilitumiwa na mtu mwingine.'"

"Uongo. Nilikuwa mimi."

"Ya pili: 'Sikuzijua kanuni.'"

"Nilisomewa zote, na wewe ndiye uliyenisomea! Nikamdanganye nani?"

"Ya tatu: 'Nakiri nimemdhalilisha mwenzangu na ninajuta.' Hii ndiyo rahisi, mama. Ukichagua hii unarudi baada ya siku tatu."

Bi Hajira alimtazama kama aliyeambiwa ale mchana wa Ramadhani. "Nikiri kwamba nimemdhalilisha marehemu? Nikishakiri, si ndiyo imekuwa kweli?"

"Ni kubonyeza tu."

"Hata shahada ni kutamka tu, mwalimu."

Hapakuwa na mahali pa kuandika neno lingine. Bi Hajira aliitafuta fomu juu chini, akaigeuza simu ubavu, kama kwamba nafasi ya utani ilikuwa imejificha pembeni. Mwisho wakaituma bila kuchagua kitu. Baada ya wiki mbili likaja jibu: rufaa imekataliwa kwa kuwa sababu haikuchaguliwa.

"Subhanallah," alisema Bi Hajira. "Hakimu gani huyu anayeandika maneno ya mshtakiwa, kisha anamkamata kwa kutoyasema?"

Na arobaini ilikuwa inakuja. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Nyumba yake ya kwenye simu ibomoke, mihogo yake ikauke. Lakini Fausta alikuwa huko ndani, tanga lake limefungwa na mtani ambaye hayupo, na Bi Hajira hakuwa na njia ya kumpata. Miaka miwili ya ujirani, na namba ya simu hawakupeana, kwa sababu kanuni ilikataza.

"Mama, wewe ndiye peke yako katika dunia nzima uliyeifuata ile kanuni," Loveness alisema.

"Ndiyo malipo yake haya," alijibu Bi Hajira, na kwa mara ya kwanza akaitupa simu kwenye mto.

Wiki ya tatu alikwenda Korogwe na fimbo yake, kwa fundi simu mmoja karibu na stendi, aliyesifiwa kwamba hakuna kinachomshinda. Kijana huyo aliitwa Abraham. Alimsikiliza huku akifungua mgongo wa simu nyingine.

"Shikamoo, mama. Hilo dogo. Nakufungulia akaunti nyingine sasa hivi. Jina tunaweka Janeth, miaka ishirini na mbili, unakaa Arusha. Unarudi ndani kama umezaliwa leo."

"Marahaba. Na mtani wangu atamjua vipi huyo Janeth?"

"Utamwambia ni wewe."

"Kwa hiyo niingie kwa uongo ili nikaseme kweli?"

Abraham alijikuna kichwa kwa bisibisi. "Mama, kila mtu anafanya hivyo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana mimi niliyesema kweli nimefungiwa, na Janeth ambaye hayupo anakaribishwa."

Akarudi Sindeni mguu umevimba, hana alichopata. Njia nzima alinung'unika, kisha akastaghafiru kwa kunung'unika, kisha akanung'unika tena.

Zilipobaki siku kumi na mbili aliishiwa na subira. Alimwita Loveness, akamtaka amsomee tena ile kanuni inayokataza aliyefungiwa kutumia akaunti ya mwingine. Ikasomwa mara tatu.

"Imesema nisiingie. Haijasema nisitume salamu. Sivyo?"

"Haijasema."

"Basi nenda wewe, kwa jina lako mwenyewe. Utani usiufanye, wewe Msambaa, huo si wako. Mwambie Fausta nimefungiwa kwa ajili ya yale ya mlangoni. Yeye ndiye mwenye msiba, awaandikie wakubwa wa humo kwamba hakudhalilishwa. Na umwambie nipo Sindeni, Handeni, sijamkimbia. Namba usimpe."

"Mama! Namba ndiyo ingemaliza kila kitu!"

"Usivunje kanuni kwa ajili yangu. Nikikutia dhambini, nitakuwa nimesaidiwa nini?"

Loveness alitoka akipiga mlango kidogo, si sana. Akaingia Nchi Mpya, akamkuta Fausta, akafikisha salamu. Fausta alihamaki vibaya. Kumbe wiki zote hizo alidhani Mzigua amemtania mama yake akaondoka zake, na ndugu zake walikuwa wameanza kuuliza ni mtani gani huyo. Papo hapo akaandika ushahidi wake kwa wakubwa, akamwonyesha Loveness kabla ya kuutuma: "Mimi ndiye mfiwa. Huyo mchawi wa Handeni, mla ugali wa bada, ni mtumwa wangu halali tangu kwa babu yangu. Alikuja kunizikia vizuri. Mfungulieni leo hii, ninyi vichwa maji, mmemwachia mama yangu matusi kifuani."

"Usitume hivyo, mama," Loveness alimsihi. "Punguza hilo la mchawi. Punguza na la vichwa maji."

"Nikipunguza watajuaje kwamba ni mtani wangu?" Fausta alisema, akatuma.

Haikupita saa. Fausta naye akafungiwa siku tisini.

Loveness alipoleta habari hiyo, Bi Hajira alikuwa anachambua ukindu. Aliuliza taratibu, "Kwa hiyo sasa hayupo hata huko?"

"Hayupo."

"Nilikuwa nimefungiwa peke yangu. Sasa nimemfungia na mfiwa." Ukindu ukamkatikia mkononi. "Wametaka tupendane, tukapendana. Wanataka tupendane kwa maneno yao, na sisi tuna yetu. Sasa nifanye nini, mwalimu? Hebu niambie wewe uliyesoma."

Loveness akainama kumwokotea ukindu.

Siku zikaisha moja moja. Ya arobaini, saa nne asubuhi, ofisa mtendaji wa kijiji, Bwana Hussein, alisimamisha pikipiki uani kwa Bi Hajira. Alikuwa na uso wa mtu aliyetukanwa na kufurahi kwa pamoja.

"Shikamoo, Bi Hajira. Panda twende ofisini, pole pole na huo mguu. Kuna mama wa Sikonge tangu juzi anapiga simu Handeni nzima. Ameanzia wilayani, akaja kata, leo kanifikia mimi. Anasema tumemficha mtumwa wake. Nikamjibu hapa hakuna watumwa, labda wabeba mizigo waliopotea njia. Basi! Amenitukana mpaka mama yangu mzazi nimemkumbuka. Amesema atapiga tena saa tano."

Bi Hajira alikuwa ameshavaa kanga ya pili kabla hajamaliza.

Ofisini palikuwa na watu sita kwenye benchi wakisubiri barua zao zigongwe muhuri. Simu ya mtendaji ililia saa tano kasoro. Akaiweka mezani, sauti juu, akampisha Bi Hajira kiti chake.

"Mzigua!" simu ilifoka. "Umenizibia mlango tangu siku ya tatu! Leo arobaini, ndugu wamejaa hapa. Unadai nini uondoke?"

Wale wa kwenye benchi wakasogea karibu.

"Nadai asali," alisema Bi Hajira. "Madumu mawili, mbeba mizigo wewe."

"Nyuki wamekufa waliposikia jina lako. Chukua chupa moja."

"Chupa moja nimpe nani? Mtendaji hapa peke yake anailamba."

"Chupa mbili, na ukiongeza neno nakuletea nyuki wenyewe."

"Basi zimetosha. Nimekombolewa." Bi Hajira alishusha pumzi. Akaketi wima, akarudi kwenye sauti yake ya siku zote. "Njia iko wazi. Niliyoyasema nimeyachukua mwenyewe, hayamo tena kifuani mwa Josefina. Mimi sikumwona mama huyu kwa macho. Lakini aliyemlea mtoto wa kumtafuta mtani wake wilaya nzima, ofisi kwa ofisi, hakuwa mchoyo. Alikuwa mtu. Mungu amweke pema. Fagieni uwanja, ogeni, pikeni, mle. Matanga yamekwisha."

Upande wa pili watu waliitikia kwa pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, kisha zikasikika fagio zikianza kazi. Baadaye kidogo kikaja kilio cha Fausta, kile cha mtoto kwa mama yake, ambacho mwezi mzima hakikuwa kimetoka.

"Lia, mwenzangu," alisema Bi Hajira. "Nipo. Lia umalize."

Bwana Hussein alitazama saa ya ukutani, akatazama watu wake wa mihuri, akanyoosha mkono kuichukua simu ya kazi. Bi Hajira, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatalia kiongozi, aliufunika ule mkono kwa wake na kuubana juu ya meza, asimtazame, akaendelea kusikiliza.